Steve Tikolo na mechi ambazo hakuzipata

Takwimu za Steve Tikolo, mchezaji wa kriketi wa Kenya, katika mechi za kimataifa za siku moja hazimshtui mtu. Mechi zaidi ya 130, mikimbio zaidi ya 3,400, mara tatu alivuka 100 katika zamu moja, wiketi (yaani wapigaji aliowatoa) zaidi ya 90 kwa mipira yake ya kuzungusha, na wastani wa kama 29 kila anapotolewa. Kijana anayeufuatilia mchezo leo, aliyezoea kuona wapigaji wenye wastani wa 50, akisoma namba hizo atauliza kwa nini wazee wa kriketi Nairobi wanamtaja Tikolo kwa sauti nyingine kabisa.

Wazee hawakosei. Tikolo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1971, alikuwa mpigaji wa daraja la juu kabisa aliyeichezea maisha yake yote nchi iliyokuwa na timu bila kuwa na kriketi ya kutosha. Lililopungua kwenye rekodi yake ni mechi na mfumo. Mikono, macho na moyo alikuwa navyo. Namba zenyewe zinaonyesha hivyo, ila inabidi zisomwe moja moja na si kwa jumla.

Wastani hupatikana kwa kugawanya mikimbio yote kwa idadi ya mara ambazo mpigaji ametolewa, basi. Hauulizi aliingia uwanjani wiketi ngapi zikiwa zimeanguka, hauulizi mpira ulikuwa mpya kiasi gani, wala hauulizi nani alikuwa anakuja nyuma yake. Kwa mpigaji wa Kenya wa miaka ile, maswali hayo matatu ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe.

Chukua Durban, 15 Machi 2003, hatua ya Super Six ya Kombe la Dunia, yaani ya timu sita zilizofuzu kutoka makundi. Brett Lee wa Australia aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo, na ubao ukasoma mikimbio 3 kwa wiketi 3. Tikolo akaingia. Mpira mweupe ukiwa mpya hupinda hewani, mshono wake bado ni mgumu, na mrushaji wa kasi ya Lee humpa mpigaji chini ya nusu sekunde kuamua kama asogee mbele, arudi nyuma au auache upite. Katika hali hiyo mpigaji hana namna ya kucheza kwa uhuru. Kazi yake ni kubaki. Tikolo alibaki, akafunga 51, na Kenya ikamaliza 174 kwa wiketi 8. Ni karibu asilimia 29 ya mikimbio yote ya timu, kutoka kwa mtu mmoja, dhidi ya mabingwa wa dunia.

Siku tano baadaye, uwanja uleule, nusu fainali na India. India ilifunga 270 kwa wiketi 4, Sourav Ganguly akiwa na 111 bila kutolewa na Sachin Tendulkar 83. Kenya ilihitaji 271 kwa ova 50 (ova moja ni mipira sita), yaani zaidi ya mikimbio 5.4 kila ova tangu mpira wa kwanza. Ilitolewa yote kwa 179. Tikolo, nahodha, alikuwa na 56 kati ya hizo. Ukitaka kujua ni kitu gani kilichokuwa kinaushusha wastani wake, kipo hapo: ova zikienda bila mikimbio, ni yeye aliyelazimika kuanza kupiga mipira ya hewani, kwa sababu asipofanya yeye hakuna mwingine wa kufanya. Mpigaji wa timu kubwa huongeza kasi akijua wapo watano nyuma yake.

Mfano mkubwa kuliko yote, ambao wengi hawaujui, hauhesabiwi hata katika takwimu zake rasmi za siku moja. Ni fainali ya ICC Trophy, mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia, Kuala Lumpur, Aprili 1997, dhidi ya Bangladesh. Kenya ilifunga 241 kwa wiketi 7. Tikolo peke yake alifunga 147, asilimia 61 ya mikimbio ya nchi nzima. Mvua ikanyesha, mechi ikaingia siku ya pili, na hesabu ya Duckworth-Lewis, inayopanga upya lengo mvua inapokata mechi, ikawapa Bangladesh lengo la 166 kwa ova 25. Walifika kwenye mpira wa mwisho kabisa, wakiwa wamebakiwa na wiketi 2. Hesabu ile ilipandisha mahitaji kutoka chini ya mikimbio 5 kwa ova hadi zaidi ya 6.6, lakini pia iliwaachia Bangladesh wiketi zote 10 za kutumia kwa nusu ya muda. Timu yenye wiketi 10 na ova 25 inaweza kupiga bila woga. Zamu bora kuliko zote aliyowahi kucheza Mkenya ikaishia upande wa walioshindwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye Kombe la Dunia la 1996, ulimwengu ulikuwa umemwona tayari. Katika mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ambayo Kenya iliwahi kucheza, dhidi ya India mjini Cuttack, alifunga 65. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, Kenya ya nahodha Maurice Odumbe iliishinda West Indies kwa kuwatoa wote kwa 93 baada ya yenyewe kufunga 166 tu. Kisha Kandy, ambako Sri Lanka iliyokuwa ikielekea kutwaa kombe iliweka rekodi ya dunia ya wakati huo, 398 kwa wiketi 5. Timu nyingi ndogo hupoteza moyo mbele ya lengo kama hilo na kutolewa kwa 120. Kenya ilijibu 254 kwa wiketi 7, na Tikolo alikosa mikimbio minne kufikisha mia: 96.

Sasa 2003, kwa sababu hapo ndipo mjadala wa Tikolo kama nahodha huanza na kuishia, na pia ndipo watu hudanganyana zaidi. Wapo wanaosema Kenya ilifika nusu fainali kwa bahati, na wapo wanaokasirika ukigusia jambo hilo. Pande zote mbili zifuate hesabu.

Katika kundi, kila ushindi ulikuwa na pointi 4. Kenya iliishinda Kanada mjini Cape Town, Sri Lanka jijini Nairobi na Bangladesh mjini Johannesburg: pointi 12. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, na pointi 4 zikaenda kwa Kenya: jumla 16. Afrika Kusini na West Indies zilimaliza na 14 kila moja. Kwa hiyo, bila zile pointi za New Zealand, Kenya ingebaki na 12 na isingetoka kwenye kundi. Katika Super Six timu ilibeba pointi 4 kwa kila ushindi dhidi ya timu nyingine iliyofuzu kutoka kundi lake na pointi 1 kwa kila ushindi dhidi ya timu isiyofuzu. Kenya ilibeba 4 za Sri Lanka, 4 za New Zealand, 1 ya Kanada na 1 ya Bangladesh: 10. Ikaishinda Zimbabwe mjini Bloemfontein kwa wiketi 7, ikafika 14, juu ya Sri Lanka yenye 11.5. Mapengo hayo ni madogo kuliko pointi zile 4.

Huo ndio ukweli na hauna haja ya kufichwa. Lakini pointi 4 za bure hazimtoi mtu yeyote uwanjani. Nairobi Gymkhana, 24 Februari, Kenya ilifunga 210 kwa wiketi 9, Kennedy Otieno akiongoza na 60. Ni lengo dogo. Kulilinda dhidi ya Sri Lanka kulihitaji nahodha anayejua lini awaondoe warushaji wa kasi na kuwapa mpira wazungushaji, na awapange wachezaji wake wapi ili pigo la hasira liishie mikononi. Tikolo alimwamini Collins Obuya, kijana anayezungusha mpira kwa kifundo cha mkono, akampa ova zake zote 10. Obuya alitoa mikimbio 24 na kuchukua wiketi 5. Sri Lanka wote nje kwa 157. Na dhidi ya Australia, Asif Karim, mzaliwa wa Mombasa mwenye umri wa miaka 39 aliyekuwa ameshastaafu akarudishwa, alirusha ova 8.2, sita kati yake bila kutoa mkimbio hata mmoja, akatoa mikimbio 7 kwa jumla na kuchukua wiketi 3. Hata India, katika mechi ya Super Six, ilishikwa ikiwa na 24 kwa wiketi 3 kabla ya Ganguly kuiokoa. Timu ya kubahatisha haifanyi mambo hayo ndani ya wiki tatu.

Kenya ikawa nchi ya kwanza isiyo na hadhi ya Test, yaani ya kucheza mechi za kimataifa za siku tano, kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kilichofuata ndicho kinachoeleza maisha yote ya mchezo ya Tikolo.

Ungetarajia simu zianze kulia: India ije Nairobi, Kenya iende Pakistan, Zimbabwe iombe mfululizo wa mechi tano. Timu ilicheza Sharjah Aprili mwaka uleule. Baada ya hapo, hadi mwanzo wa 2006, Kenya ilipata mechi rasmi 2 tu za siku moja, zote Septemba 2004 nchini Uingereza katika Kombe la Mabingwa, dhidi ya India na Pakistan. Mechi mbili kwa karibu miaka mitatu. Tikolo alikuwa na miaka 31 alipocheza nusu fainali. Miaka iliyofuata ndiyo ambayo mpigaji huwa amekomaa, anaujua mchezo wake, na mwili bado unamtii. Miaka hiyo ilikwenda bure.

Sababu zilikuwa mbili na zilisukumana. Timu kubwa hazikuona faida ya kuipangia Kenya ratiba, na baraza la dunia, ICC, halikuzilazimisha. Ndani ya nchi, wachezaji na chama cha wakati huo, KCA, walivutana juu ya malipo na mikataba hadi wachezaji wakagoma. Odumbe alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa uhusiano na mchezeshaji kamari. KCA ikavunjwa mwaka 2005 na Cricket Kenya ikachukua nafasi yake. Wadhamini hawakai mahali penye kesi na migomo, na bila wadhamini hakuna ziara.

Kwa ujumla, kuanzia Februari 1996 hadi Januari 2014 Kenya ilicheza mechi rasmi 154 za siku moja. Gawanya kwa miaka 18: hazifiki 9 kwa mwaka. Tendulkar alicheza 34 katika mwaka mmoja wa 1998. Mpigaji anayecheza mechi 34 akikosea namna ya kuukabili mpira unaoingia ndani, anapata wiki ijayo ya kujirekebisha dhidi ya mrushaji wa kiwango kilekile. Anayecheza 9 anarudi kwenye ligi ya klabu za Nairobi, ambako warushaji wana kasi ndogo zaidi, na kosa lake linalala hadi siku atakapokutana tena na Lee.

Wanaobisha kwamba mechi hujenga timu wautazame mfano wa Bangladesh. Kuanzia 1997 hadi Kombe la Dunia la 2003, Kenya na Bangladesh zilikutana mara 7 katika mechi rasmi za siku moja, na Kenya ilishinda 6. Ile moja ya Bangladesh, Hyderabad mwaka 1998, ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika historia yao. Mwaka 2000 Bangladesh ikapewa hadhi ya Test, ikawa na mechi za siku nne za ligi ya ndani na Test za siku tano nyumbani na ugenini. Ilipigwa vibaya kwa miaka, na wengi walidai ivuliwe hadhi hiyo. Mwaka 2006 Kenya ilikwenda huko ikafungwa mechi 4 kwa 0, kisha Bangladesh ikaja Nairobi ikashinda 3 kwa 0. Kutoka 6 kwa 1 hadi 0 kwa 7. Wakati wenzao walikuwa wanajifunza kwa kupigwa, Wakenya walikuwa wamekaa.

Mechi ndefu hufundisha kitu ambacho ova 50 haziwezi. Siku moja ya kriketi ndefu ina ova 90. Mpira mpya wa pili unaruhusiwa baada ya ova 80, hivyo mpigaji aliyekaa tangu asubuhi anaukuta tena ugumu wa mwanzo akiwa amechoka. Hujifunza kuuacha mpira usiomhusu, jambo linaloonekana dogo lakini ndilo linalowatenganisha wapigaji wa kimataifa na wa klabu. Tikolo alipopata nafasi hiyo alionyesha. Katika fainali ya Intercontinental Cup, mashindano ya mechi ndefu, ya 2005 mjini Windhoek dhidi ya Ireland alifunga 177 bila kutolewa, na zamu yake kubwa kuliko zote katika mechi za daraja la kwanza ni ya mikimbio 220. Mtu mwenye wastani wa 29 hafungi hivyo akiwa mpigaji wa 29 kweli.

Jambo lingine halisemwi vya kutosha. Timu ile nzuri ilitoka katika nyumba chache mno. Kina Tikolo walikuwa watatu: Tom, David na Steve. Kina Odumbe wawili, Maurice na Edward. Kina Suji, Martin na Tony. Kina Obuya, Kennedy (yuleyule Kennedy Otieno), David na Collins. Ni vijana waliokulia karibu na viwanja vya klabu za Nairobi, mdogo akimfuata mkubwa. Ni jambo la kupendeza, na ni hatari pia, kwa sababu mfumo unaotegemea ndugu hauna mlango kwa mtoto wa Kakamega au Kisumu ambaye hana kaka klabuni. Kizazi kile kilipozeeka pamoja, nyuma yake palikuwa patupu. Walioingia, kama James na Shem Ngoche, nao walikuwa ndugu.

Collins Obuya mwenyewe ni ushahidi wa jinsi kipaji kinavyopotea bila mtu kukiua kwa makusudi. Baada ya 2003 alichukuliwa na Warwickshire ya Uingereza, mambo hayakuendelea, na ule mzunguko wa mpira ukapotea. Mrushaji wa aina yake anahitaji ova nyingi sana za mechi, chini ya kocha anayeijua sanaa hiyo, na nyumbani hakukuwa na chochote kati ya hivyo. Akajigeuza kuwa mpigaji, na kwenye Kombe la Dunia la 2011 akafunga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Ujasiri mkubwa. Lakini Kenya ilikuwa imepoteza silaha iliyoiangusha Sri Lanka.

Kombe hilo la 2011, la tano kwa Tikolo, lilikuwa chungu. Kenya ilitolewa kwa 69 na New Zealand mjini Chennai na ikapoteza mechi zote sita. Tikolo alikuwa na miaka 39 na bado alihitajika, jambo ambalo ni sifa kwake na aibu kwa mfumo. Januari 2014 alikuwa uwanjani tena, nchini New Zealand, katika mashindano ya kufuzu, akiwa na miaka 42. Kenya ilipotoka huko ilikuwa imepoteza hadhi ya mechi rasmi za siku moja.

Tangu hapo kazi yake imekuwa ukocha, na imemleta karibu zaidi na Afrika Mashariki yote. Uganda chini yake ilishinda Daraja la Nne la ligi ya dunia nchini Malaysia mwaka 2018. Baadaye aliifundisha Tanzania. Mazingira ya mechi yamebadilika: tangu 1 Januari 2019 mechi za ova 20 kati ya wanachama wote wa baraza la dunia ni rasmi, kwa hiyo Rwanda, Tanzania, Uganda na Kenya zinakutana mara nyingi kuliko Tikolo alivyoweza kuota. Novemba 2023 zote nne zilikuwa Windhoek kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la ova 20, na Uganda ikafuzu baada ya kuishinda Zimbabwe.

Hata hivyo zamu ya ova 20 ina mipira halali 120 tu. Anayepiga nambari tatu akikaa vizuri atakutana na 40 au 50. Mchezaji wa Dar es Salaam au Kigali anaweza kufikisha mechi 60 za kimataifa bila kuwahi kupiga kwa saa tatu mfululizo. Njaa ya mechi imepungua, lakini zamu ndefu, ambayo kuikosa kulimnyima Tikolo nafasi yake halisi, bado haipo kwa yeyote kati yao.

Dawa yake haihitaji ruhusa kutoka Dubai, makao ya baraza la dunia. Nchi nne, kila moja ikikutana na nyingine mara moja, ni mechi 6. Zikiwa za siku tatu, ni siku 18 za mchezo, na kila mpigaji anapata hadi zamu 6 zisizo na kikomo cha ova. Viwanja vipo: Gymkhana ya Nairobi, Lugogo na Entebbe, viwanja vya Dar es Salaam, na Gahanga nje kidogo ya Kigali. Zichezwe Juni na Julai, masika yakiwa yamepita, ili siku zisiliwe na mvua. Kila zamu inaanza na mpira mpya mwekundu, hivyo mechi moja inataka angalau mipira minne, na miwili ya akiba iliyochakaa kiasi kwa ajili ya kubadilisha unaoharibika. Timu ya watu 13 na kocha inatosha, tena kwa basi kati ya Nairobi na Kampala na kati ya Kampala na Kigali. Sharti moja lisilegezwe: angalau wachezaji sita wa kila timu wawe chini ya miaka 23, maana waliokwisha kuzoea ova 20 hawatabadilika, na nambari tatu wa 2035 sasa hivi yuko shule.